Mpishi Anayekatakata Maneno ya Kilatini

Saa moja kasorobo asubuhi. Foleni ya uji imefika nje ya jiko la chuo, na mpishi, Mama Ukoko, ameshika upawa kama fimbo ya ualimu. Juu ya dirisha la kugawia ameandika kwa mkaa: NUCIFRANGIBULA.

Sheria ya hapa haina siri. Atakayelikata neno vipande na kulieleza, ukoko wa mchana ni wake.

Msichana mmoja anajaribu. Nuci ni njugu, frangi ni kuvunja. Vivunja-njugu, basi. Nyundo?

"Nyundo zako unazo mdomoni, mwanangu," anajibu mpishi.

Foleni nzima inacheka, na jibu linaonekana waziwazi: meno.

Warumi wa kale walipenda kuunganisha maneno kwa utani. Dentilegus ni mwokota-meno, yaani aliyechapwa ngumi mpaka anayakusanya yake chini. Pultiphagus ni mla-uji. Hilo amebandikwa mlinzi wa geti, anayerudi foleni mara tatu na kusingizia kikohozi.

Mama Ukoko, mwenye miaka 52, aliishia darasa la nne. Jiko lake na darasa la Kilatini vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Kwa miaka kumi na tisa amekoroga huku sikio liko upande wa pili, na daftari lake lenye madoa ya mafuta lina maneno 212.

Ila leo roho yake iko juu. Mkuu wa chuo ametangaza kwamba darasa hilo la Kilatini lisipofikisha watu kumi na tano kabla ya saa nne, linafungwa. Jana walikuwa kumi na mmoja. Dirisha la uji limeleta watatu.

Zikibaki dakika tano kufika saa nne, mwalimu wa Kilatini, mzee mpole, anaingia jikoni na orodha. Wamekwama kwenye kumi na nne.

Mlinzi, bakuli bado mkononi, anachokoza: si wafanyakazi nao wanaruhusiwa kusoma bure? Au kuna mtu anaogopa? Mpishi anang'aka kwamba darasa la nne halikai na wasomi, na maharage je?

"Maharage niachie mimi, dada," anasema mlinzi. "Ila nitaonja."

Mama Ukoko anafuta mikono kwenye aproni. Anaandika jina, herufi moja moja. Mwalimu anakunja orodha taratibu.

"Miaka yote hiyo nilikuwa napaza sauti makusudi," anasema. "Ulidhani wale vijana ni viziwi?"

Mama Ukoko anataja mpango wake: kabla mwaka haujaisha, aunde neno lake mwenyewe, refu kuliko yote 212, la mtu aliyesomea ukutani.

Anaondoka kuingia darasani, safari hii kwa mlango.