Dhambi Ambayo Shangazi Hakuifanya

Simu iliingia saa nne na robo asubuhi, nikiwa ofisini kwangu shuleni nachapa mtihani wa kidato cha pili. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ukumbi wa chakula katika hoteli alikofanya kazi shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke aliyenilea tangu nina miaka sita.

"Pole sana, binti," alisema. "Shangazi yako ametutoka. Tumemkuta amekaa kwenye ngazi za stoo ya mvinyo. Daktari anasema ni moyo."

Kisha, nadhani kwa kutaka kunifariji, akaongeza: "Chupa aliyokuwa ameibeba haikuvunjika. Alikuwa ameilaza mapajani."

Namshukuru Mungu kwa mengi, lakini sentensi hiyo ningependa angeiacha huko huko kwenye ngazi. Haikufika saa sita mchana mji ukawa umesikia kwamba yule mama wa hoteli amekufa na chupa mkononi. Kufikia saa tisa alikuwa amekufa nayo mdomoni.

Shangazi hakuwahi kunywa. Sisemi tu kwamba hakulewa. Nasema hakunywa, hata tone. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliahidi mbele ya madhabahu kwamba kileo hakitaingia kinywani mwake, na alikuwa mtu wa kushika neno lake mpaka likawachosha wengine. Lakini Mungu alimpa pua, na sijui alikuwa na mpango gani alipompa.

Hotelini alianzia chumba cha kufulia, kupiga pasi vitambaa vya meza. Siku moja alikwenda ukumbini kuchukua vitambaa vichafu akakuta wahudumu wanabishana. Mgeni alikuwa amerudisha chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa, ile ya bei inayomfanya mtu aisome mara mbili, na kila aliyeuonja alisema hauna kasoro, mgeni anaringa tu. Shangazi akainamia glasi na mzigo wake begani.

"Unanuka kadibodi iliyolowa," akasema.

Msimamizi akanusa tena, akafungua chupa nyingine alinganishe. Kweli, kizibo kilikuwa kimeuharibu ule wa kwanza. Wiki iliyofuata shangazi aliondolewa kwenye pasi, akapewa kazi ya mvinyo.

Alijifunza yote. Alijua kwamba chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, na kwamba joto na mwanga huuzeesha mvinyo kabla ya siku zake, kama shida zinavyomfanya mtu. Mvinyo mkongwe aliusimamisha siku nzima kabla ya kuufungua, mashapo yatue. Kisha aliumimina polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, akaacha kumimina mara tu aonapo wingu la mashapo linakaribia. Kilichobaki kilikuwa robo kikombe cha tope, na wahudumu waligombea kukinywa.

Nyumbani alizungumza juu ya chupa zile kama watu wanavyozungumza juu ya shemeji zao. "Wa meza ya tano leo ulikuwa bado una hasira. Niliwaambia waulaze miaka sita mingine, wakasema wana haraka. Haya, wamekunywa hasira." Wageni nao walizungusha glasi, wakafumba macho, wakatangaza kwamba wanasikia matunda meusi, moshi, na ngozi ya kiatu. Shangazi aliitikia, "Naam, mheshimiwa," huku akiona kwamba anayesikia ngozi ameweka mkoba wake wa ngozi mezani, kando ya glasi.

Kanisani alikuwa shemasi wa kuandaa meza ya Bwana. Kwetu divai ya ushirika ni maji ya zabibu yasiyo na kileo, lakini kazi ilikuwa imemwingia. Aliileta chupa imevikwa kitambaa cheupe, akamwonyesha mchungaji lebo, akamimina kidogo, akasubiri.

"Mama, mimina tu," mchungaji alinong'ona.

"Hujasema kama iko sawa, mchungaji."

Watu walikuwa wanangoja wamepiga magoti.

Halafu hoteli ikatoa kalenda. Kila mwezi ulikuwa na picha, na mwezi wa tatu alikuwa shangazi, amevaa sare nyeusi, pua ndani ya glasi. Mzee mmoja wa kanisa aliikuta ukutani kwa kinyozi, akaiomba, akaja nayo kwenye baraza la wazee. Mimi nilikuwepo kama mwandishi wa kumbukumbu.

"Mama, hii ni nini?" mzee aliuliza, akiilaza kalenda mezani.

"Machi," shangazi akajibu.

"Naulizia glasi."

"Ni mvinyo."

"Na pua hii ni ya nani?"

"Yangu. Mdomo uko nje, tazama vizuri."

Wawili walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza. Baraza likamtenga. Asikaribie meza ya Bwana, akae benchi la nyuma, mpaka atakaposimama mbele ya washarika na kutubu kwamba alikunywa.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, na waliokuwa wakinywa kweli waliijua vizuri. Jirani yetu, fundi bomba, alitubu kila Januari, akarudi kundini, na kufikia Pasaka alikuwa tena benchi la nyuma na shangazi.

"Dada, si useme tu ulikunywa?" alimwambia siku moja tukitoka ibadani. "Ni dakika tano. Mchungaji anauliza, unajibu ndiyo, wanaimba, umeshamaliza."

"Nitubu ulichokunywa wewe?"

"Mimi sina neno. Dhambi ninayo ya kutosha wawili."

Ikawa miaka kumi na miwili. Aliyekunywa aliipokea meza ya Bwana, asiyekunywa akaitazama kwa mbali. Najua iliuma. Jumapili za ushirika alikuwa akitoka kabla ya wimbo wa mwisho, na nikifika nyumbani namkuta anakwangua sufuria iliyokwisha takata. Mara moja nilimuuliza kama hajawahi kutamani kuonja.

"Kila siku," akasema. "Kila nikizima ule mshumaa. Lakini hilo hakuna aliyeniuliza."

Kwa utaratibu wetu, aliyekufa ametengwa haingizwi kanisani. Kengele haipigwi, mchungaji havai joho, mzee mmoja husoma neno makaburini na watu hutawanyika. Mimi nilitaka jambo moja tu, shangazi aingie kanisani. Basi Alhamisi nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta na yule mzee wa kalenda.

Mchungaji si mtu mbaya. Alinishika mikono, akaomba nami, kisha akasema ipo njia. Ndugu wa karibu anaweza kusema kwa niaba ya marehemu.

"Useme tu kwamba alikunywa, na kwamba ulimsikia akijuta. Tunaandika, unatia saini, Jumamosi anaingia."

"Na kwa jinsi alivyokufa," mzee akaongeza, "hakuna atakayeshangaa."

"Chupa ilikuwa imezibwa, baba."

"Mwanangu, tunakusaidia."

Fomu ilikuwa mezani, na kalamu juu yake. Nasema kweli mbele za Mungu, niliishika kalamu. Niliwaza kengele. Niliwaza jeneza lake mbele ya madhabahu aliyoiandaa kwa mikono yake, na kwamba marehemu hasikii tunayomsingizia. Kisha nikawaza kwamba ningemwombea aingie nyumba ya Bwana kwa uongo ambao yeye mwenyewe aliukataa miaka kumi na miwili, tena uongo wa dakika tano. Nikawauliza kama naweza kuandika kwamba alitamani.

Mchungaji akamtazama mzee. "Kutamani hakumo kwenye fomu," mzee akasema.

Nikaiweka kalamu chini. Nilishukuru, nikatoka, nikalia barabarani mpaka nyumbani. Sisemi haya kulisema vibaya kanisa. Ndilo lililonifundisha kwamba uongo ni dhambi, na Jumapili nitakuwa kwenye kwaya kama kawaida.

Tulimzika Jumamosi, saa nne asubuhi. Gari lilimtoa hospitali likampeleka moja kwa moja makaburini. Watu wa hoteli walikuja na sare zao, kwa kuwa zamu yao ilianza saa sita. Wanakwaya wenzangu walikuja bila majoho. Fundi bomba na wahudumu watatu walishika kamba, wakamshusha taratibu. Mchungaji alikuja amevaa sweta, akasimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Mzee wa zamu alisoma zaburi moja na kuomba kwa kifupi. Tuliimba nyimbo mbili. Mimi nilitupa udongo wa kwanza, nikasema, "Mungu akupokee, shangazi," wakafuata wengine, kisha vijana wa makaburi wakamaliza kufukia kwa koleo. Tuliweka maua, na saa tano na nusu tukaondoka.