Mistari Mitatu kwenye Chupa ya Dawa

Nakiri mbele za Mungu: karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa kwenye chupa za dawa ya kuulia wadudu wa kakao zinazopitia mpakani Kasumulu niliiandika mimi. Kiingereza nisichokielewa nilikiruka.

Juzi nikiwa dukani Kyela, bibi mmoja wa Ipyana aliigeuza chupa, akayapima maandishi kwa kidole.

“Kizungu kimezunguka chupa nzima, Kiswahili mistari mitatu. Mengine mmeyaficha wapi?”

“Bibi, Wazungu wana maneno mengi tu,” muuzaji akacheka.

“Wajukuu wangu wanamumunya kakao shambani. Nikipuliza, wangoje siku ngapi?”

Muuzaji akasoma Kiswahili chote; siku hazikutajwa. Bibi akairudisha chupa, akaondoka.

Mistari yangu yote mitatu inaisifu dawa. Wewe uliyekwisha kuinunua, tafadhali usipulize. Irudishe dukani.