Wifi Yangu na Chama cha Lazima

Kuna watu ukiwaambia "kaa" wanasimama, hata kama walikuwa wameshainama kukaa. Wifi yangu ni mmoja wao. Nasema hivi nikimpenda, maana ni mke wa kaka yangu, na tumekunja mashuka pamoja kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu. Na mume wangu yupo, hajaenda popote.

Tunafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofulia hospitali na hoteli. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja likakunjika. Wawili mnashika pembe, mnavuta, mnatikisa, mnakutana katikati, mnapeana umbea kidogo, mnarudi nyuma. Kufikia mchana mimi na wifi tunakuwa tumewamaliza majirani wote, na mashuka yamelala sawasawa.

Msidhani alizaliwa mkaidi. Alilelewa kwa amri. Alitolewa shule ili alee wadogo zake, akapelekwa kwa mjomba kukaa dukani, na alipojifungua pacha, mama yangu, Mungu amrehemu, aliwatangaza majina mlangoni kabla mzazi hajaamka. Kazi hii ya udobi aliitafuta mwenyewe. Siku ya kwanza alirudi nyumbani miguu imevimba, na anacheka.

Sasa, mwenyekiti wetu wa chama cha wafanyakazi ni fundi wa boila. Tunamwita Mvuke, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Sitamsengenya bure: chama ndicho kilichotupatia glavu na mapumziko ya chai. Lakini sifa zikampanda kichwani. Akakubaliana na meneja kwamba kila mfanyakazi lazima awe mwanachama, na asiyeingia mpaka mwisho wa mwezi hana kazi. Waliokuwa bado wakaingia wakinung'unika. Wifi akakataa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mvuke akamwambia mbele yetu sote.

"Na hiari yashinda utumwa," wifi akajibu.

"Unakula usichopika, mama. Hizo glavu ulizovaa ni jasho la chama."

Wifi akazivua, akazikung'uta maji, akamlazia mezani. "Asanteni. Zilinifaa sana."

Tangu siku hiyo akawa analoweka nguo kwa mikono mitupu, dawa inambabua vidole. Mvuke naye akatoa amri kwamba mtu asikunje na wifi. Mimi ni mjumbe wa chama, kwa hiyo nikapewa mwenzangu mpya, binti mzuri tu, ila hajui habari za mtu yeyote. Wifi alibana pembe mbili za shuka kwenye kamba ya ukutani kwa vibanio, akawa anakunja na ukuta. Alikuwa wa mwisho kumaliza kila siku. Iliniuma, na kazi yenyewe ikapoteza ladha.

Kaka yangu alikuwa hapati usingizi. Jioni moja nikawakuta wamekaa, yeye anambembeleza.

"Mama Pacha, si uingie tu? Unga ukimwagika tutawalisha nini watoto?"

"Chama chao sikichukii," wifi akasema, anajipaka mafuta vidoleni. "Wangeniomba, ningefikiria. Hawakuniomba, waliniambia."

Kaka akanitazama. Nikatazama dari.

Wiki ya mwisho Mvuke akaitisha mkutano kwenye chumba cha kukaushia. Wifi, kwa kuwa si mwanachama, hakuruhusiwa kuingia kusikiliza anavyojadiliwa. Alibaki nje na vibanio vyake. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi nimo tangu chama kianze. Nikitaka kutoka leo, nitatoka?"

"Utoke uende wapi? Ukitoka chama umetoka kazini."

"Basi mtajuaje kama nakipenda?"

Mzee wa pasi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Mvuke akafoka, lakini tulipopiga kura, waliotaka lazima iondolewe walikuwa wengi kuliko waliomuunga mkono. Meneja hakujali, yeye alichotaka ni utulivu. Kesho yake wapo waliojitoa, Mvuke akanuna. Siku hizi amejifunza kuwapitia watu mmoja mmoja, anawaeleza faida za chama na kutabasamu, ingawa tabasamu lake linatisha kuliko hasira zake.

Mimi sikungoja kesho. Mkutano ulipoisha nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikang'oa vibanio, nikashika pembe. Alikuwa ameshasikia kupitia dirishani, nilijua kwa pua iliyokuwa inamchezacheza. Tukavuta, tukatikisa. Tulipokutana katikati nikamwambia, "Wifi, nakuja kama mjumbe. Nakuomba. Ungependa kuingia chama chetu?"

Akasimama. Machozi yakamlengalenga, mtu ambaye hata msibani kwa mama hakutoa chozi. Akafikiri, akafikiri, shuka linaning'inia kati yetu, na mimi nimeshaanza kufurahi.

"Hapana," akasema.

"Wifi! Baada ya yote haya?"

"Hapana, asante." Akajifuta uso kwa bega, maana mikono ilikuwa na shuka. "Lakini kesho uniombe tena. Kumbe kuombwa kuna raha yake."