Mguu wa Breki wa Bi Fakhria

Bi Fakhria anauza asali, na gari lake linajulikana Tabora nzima kwa mambo mawili: nyuki wanaolifuata mpaka sokoni, na jinsi linavyoondoka. Ni Grande nyeupe, otomatiki, kuukuu, na buti lake lina mnato wa asali usiotoka hata kwa maji moto.

Mimi ni Zamda, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta mmoja hapa Isevya. Namwita dada kwa sababu kanizidi umri, si kwa sababu ya upole wake. Yeye ana damu ya Kimanga, ya Waarabu wa Omani, sisi tumekuwa watu wa mji huu tangu enzi za misafara, na tumegombana na kupatana mara nyingi kuliko mke na mume.

Ugonjwa wa kuondoka ulimwanzia Kigwa, anakofuata asali. Pale reli inapokata barabara, magari husimama foleni kungoja treni. Wenzake huzima injini wakanunua karanga. Yeye hukaa mguu kwenye breki, macho kwenye behewa la mwisho, na likishapita tu, huyoo! Madereva wa malori wanabaki kula vumbi. Siku moja vijana wanaoandaa mashindano ya magari wakamwona, wakamwalika. Mashindano yenyewe si ya kihuni: kibali kinaombwa, barabara inafungwa, trafiki wapo na gari la wagonjwa lipo. Magari mawili yanasimama mstarini, bendera inashuka, yanakwenda moja kwa moja, na anayetangulia kufika kashinda.

Fakhria aliwashinda wengi. Asiyemweza alikuwa mmoja tu, Kornel, kijana wa wakulima wa jirani na Kipalapala, mwenye Subaru ya gia za mkono. Tena hakushindwa kwa mbio. Mara mbili mfululizo Grande ilijisukuma ikavuka mstari kabla ya bendera, akaambiwa atoke.

Kaka yake, Yaqoub, akachoka. Huyu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Ana duka la misumari na mabati, na neno halisemi mara mbili. Mchana mmoja, pilau ikiwa bado kwenye sinia, alimwambia mbele yetu sote:

"Fakhria, watu wananiuliza kama mdogo wangu ni dereva au mwendawazimu. Ukishindwa tena na yule kijana, funguo utanipa mimi. Asali utapeleka kwa bajaji."

"Na nikishinda?"

"Ukishinda sina neno."

"Nimekubali, kaka."

Nilimfinya paja, lakini neno lilikwisha toka. Nilikasirika, maana nilijua ameahidi nini. Lile gari ndilo furaha yake. Likienda, atabaki na ndoo na nyuki.

Tukamwendea Anton, fundi wa magari. Alituambia gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga, kwa hiyo anayetaka kuondoka kwa nguvu hulizuia kwa breki kwa mguu wa kushoto, huku wa kulia unapiga resi. Resi ikiwa ndogo, gari linaondoka kivivu. Ikizidi, injini inazishinda breki na gari linajikokota mbele, au matairi yanasaga lami bure. Akamfungia limita, kidude kinachoizuia injini isipite resi uliyoipanga, hata ukanyage mafuta mpaka chini. Alijaribu kidogo kidogo mpaka akajua breki za Grande zinahimili wapi, akaipanga chini ya hapo, mizunguko elfu mbili na mia mbili kwa dakika. Ukiachia breki, limita inajitoa yenyewe na gari linapata nguvu zake zote.

"Huyu ni kirangozi," alisema Anton. "Kwenye misafara, mpagazi hata awe na nguvu vipi, hampiti kirangozi anayeongoza njia. Ila usiizuie hivyo muda mrefu, mama, mafuta ya giaboksi yatachemka."

Mazoezini ilikuwa raha tupu. Gari linanguruma, linatetemeka, mshale wa resi umesimama palepale. Breki ikiachiwa, fyuu! Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia.

Kisha ikaja siku ya majaribio, Kornel akiwa upande wa pili. Grande iliruka kama mbuzi aliyekatwa kamba, bendera ikiwa bado juu. Afadhali hata zamani lilikuwa likijikokota! Anton alikagua kila waya, asione kosa. Mimi nilikuwa nimerekodi kwa simu. Nikaangalia, nikarudia kuangalia, nikatamani kumzaba mtu kibao.

Kornel ana adabu mpaka inakera. Kwenye simu anaonekana akiinamisha kichwa dirishani: "Shikamoo, mama." Na Fakhria, mafuta kayakanyaga mpaka chini, anageuka na tabasamu lake lote: "Marahaba mwanangu, hujambo? Mama hajambo?" Pale kwenye "mama hajambo" gari likaondoka. Mguu wa breki ulikuwa unaitikia salamu pamoja naye.

"Usimjibu!" nilimwambia.

"Nisiitikie shikamoo? Zamda, una akili kweli?"

Tukajaribu kufunga vioo. Akasema hata midomo ikisema shikamoo anaiona. Tukajaribu kumzoesha: mimi nasimama kando, gari linanguruma, nasema "Shikamoo dada," naye anauma meno, anafumba macho, na mguu unanyanyuka vilevile. Nusura anipitie kanga. Mwisho akaamua kwamba siku yenyewe atamfuata Kornel mapema, achukue shikamoo yake kabisa, wasidaiane mstarini.

Mimi sikuridhika. Nilikwenda dukani kwa Yaqoub nikiwa nafuka moshi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Mdogo wako atapoteza gari lake kwa sababu yako! Nani alimfundisha kwamba salamu haiachwi njiani, hata uwe umebeba moto? Ni wewe!" Nikamweleza kisa chote, kuanzia shikamoo mpaka mguu.

Yaqoub aliendelea kupima misumari ya mteja, na mimi nikatoka nikimsonya kimoyomoyo.

Siku ya mashindano Fakhria alimfuata Kornel asubuhi. "Mwanangu, nipe shikamoo yangu sasa, halafu mstarini tunyamaze."

"Sawa mama, nimekuelewa. Shikamoo." Akaapa.

Lakini mazoea yana taabu. Magari yakapanga mstari, resi zikapanda, mshika bendera akainua mkono, na nikamwona Kornel anageuza shingo kuelekea dirishani, kichwa kimeshaanza kuinama. Nikasema basi, kwisha, asali itapanda bajaji.

"Eeh, kijana!"

Sauti ilitoka upande wake wa pili. Nyuma ya kamba ya watazamaji, karibu kabisa na dirisha la Subaru, alisimama Yaqoub na kanzu yake na bakora yake.

Kornel akageuka haraka. "Shikamoo mzee!"

"Marahaba, baba. Hujambo? Wazazi hawajambo? Na huko kwenu mmelima mwaka huu?"

"Tumelima, mzee, ila mvua..."

Bendera ikashuka. Grande ikachomoka kama treni ya Kigwa iko nyuma yake. Kornel alimaliza habari za mvua ndipo akakumbuka klachi, na ingawa alifukuza kiume, Fakhria alifika mbele yake na nyuki wake. Nililia. Nasema wazi, nililia na kucheka pamoja.

Kornel mwenyewe alikuja kumpongeza kwa mikono miwili. Alisema safari ijayo atavaa kofia ya kuziba masikio. Mimi nilimfuata Yaqoub.

"Kaka, sisi sote tulikuwa upande wa Fakhria. Wewe ulifuata nini kule?"

"Upande ule kulikuwa na kivuli."

Siku hiyo kulikuwa na mawingu kutwa.

Kisha akamwendea Fakhria, akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Fakhria alimtazama, machozi yakamlenga, lakini kaka ni kaka, akampa. Yaqoub akaegemeza bakora, akakunja kanzu, akaingia kwenye kiti cha dereva na kuwasha gari.

"Hiyo limita inafanyaje kazi?"

Fakhria akaanza kucheka mpaka akashindwa kusema. "Kanyaga breki kwanza, kaka. Kwa mguu wa kushoto. Tia gia. Sasa mafuta, kidogo tu! Tulia hapo."

Yaqoub akatulia, macho mbele, gari linanguruma kwa heshima. Barabara mbele ilikuwa tupu, nami shetani akanipanda.

"Shikamoo, kaka Yaqoub!"

"Marahaba, Zamda, huja..."

Tulimkuta mbele kule kwenye majani, ameshikilia usukani kwa mikono yote miwili, bado anamalizia salamu.