Shawa ya Mama

Mama alivunjika nyonga kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Mkomani, akapelekwa Mombasa kutiwa chuma. Aliporudi aliweza kutembea kwa mkongojo, lakini hakuweza kuinama, na choo chetu, ambamo pia twaoga, ni cha kuinama. Ni cha kizamani: kuna birika la mawe pembeni, maji huingia humo kwa bomba kutoka tangi lililoko darini, juu ya nyumba, na mtu akitaka kuoga huchota kwa kata akajimwagia. Mama ameoga hivyo maisha yake yote. Sasa ikawa mimi ndiye ninayemchotea na kummwagia, yeye amekaa juu ya kiti cha plastiki, amejifunga leso, uso ameuelekeza ukutani.

Hakulalamika. Ila alikuwa akimaliza upesi mno. Yule mtu ambaye zamani tulikuwa tukimgongea mlango tukimwambia watu wangoja, sasa anasema, "Basi, yatosha," na povu bado liko masikioni. Nilimwuliza kama maji yalikuwa ya baridi, au kama mimi nilikuwa namwumiza.

"Huniumizi, mwanangu," akasema. "Lakini mimi ni mtu mzima. Sitaki kuoshwa kama sahani."

Siku hiyo nikaamua kumtilia shawa, akae kwenye kiti chake, afungue mwenyewe na afunge mwenyewe.

Fundi wa bomba tuliyemzoea alikuwa na kazi Shela, kwenye nyumba za wageni, na kila nikimpigia simu alinijibu kwa upole kwamba kesho, inshallah. Nilisubiri kesho hiyo mpaka nikachoka. Mimi ni mshonaji nguo. Nikajiambia kwamba mtu anayeweza kutia mkono wa gauni bila mkunjo hawezi kushindwa na bomba la plastiki. Nikatazama video kwenye simu, nikapima ukuta kwa futi yangu ya kushonea, nikaenda dukani.

Mwenye duka la vifaa ni mama mmoja wa kutoka bara. Akanitazama nikimwonyesha picha nilizopiga za choo na za dari.

"Fundi wako ako wapi?" akaniuliza. "Nipe nambari yake, nimuulize anataka saizi gani."

"Fundi ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Akacheka, kisha akasogeza kiti. "Haya, fundi, kaa hapa." Akapanga vipande juu ya meza kimoja baada ya kingine: elbo ya kupitisha bomba kwenye kona, tii ya kuligawanya, koki mbili za kufungia maji, moja ya darini na moja ya kando ya kiti cha mama, na utepe mweupe wa kuzungusha kwenye nyuzi za koki ili zisivuje. "Kwanza unaunganisha bila gundi, uone kama inakaa. Ikikaa, unaitoa, unapaka gundi, unairudisha. Hapo usicheze, inashika haraka sana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na bomba begani, na barazani wanaume wakasogeza miguu yao kunipisha huku wakiulizana.

Binamu yangu mchonga milango aliniazima drili. Nilidhani kutoboa ndiyo kazi nyepesi. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene hata mtu angeweza kulala juu yake, lakini ndani ni laini kama mkate uliolowa chai. Nilikusudia kitundu cha skrubu, nikapata pango. Unga mweupe ukanimwagikia usoni, kwenye birika, na kwenye mabomba niliyoyalaza wazi sakafuni. Mama alikuwa ameketi mlangoni na mkongojo wake akisimamia kazi.

"Utaivunda nyumba ya babu yako," akasema.

Nikaliziba pango kwa saruji, nikasubiri ikauke, nikatoboa tena pembeni kidogo. Safari hii skrubu zikashika. Nilipomaliza kukaza nikarudi nyuma kutazama. Shawa ilikuwa imepinda kushoto.

"Imeelekea Mokowe, ng'ambo," akasema mama.

"Maji hayajali."

"Haya. Twaona."

Siku ya majaribio ilikuwa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Bomba langu lilitoka tangini, likashuka kwa nje juu ya kichochoro, likaingia chooni kupitia tundu la hewa. Nilimkalisha mama chini ya shawa, amevaa nguo zake kamili, kazi yake kunipigia kelele akiona maji. Nikaiacha wazi koki ya kando yake, nikapanda darini, nikasema bismillahi, nikafungua ile ya juu.

"Waona kitu?" nikauliza.

"Hapana kitu!"

Nikaifungua mpaka mwisho. Hapo nikasikia sauti ya kitu kuchomoka, kisha maji yakimwagika, kisha sauti ya mwanamume kichochoroni: "La ilaha illallah!"

Nikachungulia. Chini alikuwa amesimama mzee wa mtaani kwetu, kanzu nyeupe aliyoipiga pasi kwa ajili ya msikiti imemganda mwilini, kofia yatiririka. Maji yalikuwa yakimshukia kutoka kwenye kona ya ukuta, mahali nilipotia elbo. Elbo yenyewe ilikuwa miguuni pake. Ndipo nikakumbuka kwamba hiyo niliijaribu bila gundi, ikakaa vizuri, nikafurahi sana, nikaiacha vile vile.

Nilifunga koki, nikashuka ngazi mbio na taulo mkononi. "Niwie radhi, ami! Niwie radhi!"

Alijipangusa uso taratibu. "Bi," akasema, "nimeshatawadha nyumbani."

Waliokuwa nyuma yake wakashindwa kujizuia, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Alirudi kwake kubadilisha, nami nikamfuata mpaka mlangoni kuiomba ile kanzu. Niliifua, nikaipiga pasi, nikaipeleka na sahani ya visheti. Mkewe alipoipokea hakuitazama hata kidogo. Aliniuliza, "Na hiyo shawa, imefanya kazi?"

Nilitaka niweze kumjibu ndiyo. Nikapaka gundi kila kiungo, hata vile nilivyokuwa na hakika navyo, nikaacha vikauke mpaka siku ya pili, nikamwita mama tena. Bomba halikuvuja popote. Nikashuka mbio kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amefumba macho, na kutoka kwenye shawa tone moja lilikuwa likimdondokea puani, likifuatwa na jingine baada ya muda.

"Mwanangu," akasema bila kufumbua, "huku ni kuoga au ni kutonewa?"

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Nilikuwa nimechoka, mikono inanuka gundi, kucha zimejaa saruji, na wateja wangu wanadai nguo za harusi. Karibu nilie. Mama akaunyosha mkongojo, akaigonga shawa kwa ncha yake, na kitu cheupe kikamdondokea kwenye leso. Akakisugua kwa vidole. "Hii si chokaa?"

Ilikuwa chokaa. Ule unga wa ukutani ulioingia kwenye mabomba sakafuni ulikuwa umesukumwa na maji wote mpaka kwenye shawa. Niliifungua nikaukuta ndani umegeuka uji mzito. Nikauosha, nikatia bomba maji mengi mpaka yakatoka safi, kisha nikachukua sindano yangu ya kushonea nikazibua vitundu vya shawa kimoja kimoja. Niliporudisha na kufungua koki, maji yalishuka kwa nguvu, kwa upande kidogo, na mama akahamisha kiti kuyafuata.

"Toka," akaniambia. "Na mlango ufunge."

Nilikaa nje ya mlango, tayari kuingia kama angeteleza. Nilisikia maji yakifunguliwa, yakifungwa, yakifunguliwa tena. Nilisikia akijisemea mwenyewe, kisha akiimba wimbo wa harusi kwa sauti ya chini, akirudia ubeti aliousahau nusu. Kitambo kizima kikapita. Sikumgongea. Mwishowe wimbo ukakatika.

"Mai yamekwisha!"

Alikuwa amemaliza tangi zima na kichwa bado kina povu. Nikaingia nikamsuza kwa kata, sote wawili tukicheka mpaka akanishika bega asianguke. Alipokwisha kujipangusa akataka simu yake.

"Mpigie khalati yako wa Shela," akasema. "Mwambie aye aoge."

Nikawasha pampu ijaze tangi. Khalati, dada yake mama, alifika kwa boti baada ya alasiri, kwapani ana taulo na sabuni yake mwenyewe.