Kikombe cha Kwanza kwa Mama Mukwe

Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Swima. Kwetu tulikula samaki asubuhi na jioni. Maziwa, tangu nilipoachishwa ziwa, sikuyazoea tena. Kisha nikaolewa katika familia yenye ng'ombe, milimani juu ya Lubondja.

Siku mume wangu aliponipeleka kwao, mama yake alinipokea kwa vigelegele na kikombe kikubwa cha maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, bado ya moto. Ninafundisha biolojia katika sekondari moja ya Baraka, nilijua vizuri kinachoweza kunipata. Lakini mukamwana gani, mke wa mtoto wao, anakataa kikombe cha kwanza? Nikanywa chote.

Baba mukwe alipoanza kuombea chakula, tumbo langu likanguruma kumshinda sauti. Mume wangu akajikaza asicheke. Kabla ya amina nilikuwa nimeshakimbilia choo.

Niliporudi, mama mukwe alisimama mlangoni, uso umemshuka.

"Mutoto yangu, maziwa yangu ilikuwa mubaya?"

"Hapana, mama. Maziwa iko muzuri. Ni tumbo yangu."

"We iko mugonjwa?"

"Mi niko muzima kabisa, mama."

Nikaketi karibu naye, nikamweleza. Mtoto mchanga ana protini inayosimama kwenye utando wa seli za utumbo wake, kazi yake kukata sukari ya maziwa. Akishaachishwa ziwa na kukua, mwili huanza kuweka alama ndogo ndogo juu ya jeni ya protini hiyo. Jeni haipotei, wala maandishi yake hayafutwi. Inafungwa tu, haisomwi sana tena. Protini inapungua, na maziwa yakiingia yanachachia tumboni. Ila kwa watu wengi wa ukoo wa wafugaji, jeni hiyo inabaki wazi mpaka uzee.

Akafikiri kidogo. "Sasa kati yetu, nani iko sawa?"

"Wote tuko sawa, mama. Lakini jeni ya batu wengi wa dunia inafungwa kama yangu. Nyinyi ndiyo mulibakia na tumbo ya batoto bachanga."

Alinitazama, nikaogopa nimevuka mpaka. Kisha akapasuka kicheko, akapiga mapaja.

"Baba, kuja usikie! Mukamwana anasema sisi bazee tungali batoto!"

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Chakula kilikuwa kimepoa, hakuna aliyejali.

Asubuhi mama mukwe aliniletea maziwa ya kuganda, kwa sababu nilimwambia vijidudu vya kugandisha vinakula sehemu ya ile sukari. Nilikunywa polepole, yeye akinikodolea tumbo. Halikunguruma. Akapiga kigelegele.

Habari ilishafika kwa majirani. Bamama walikuja na viti vyao: mmoja akauliza kwa nini mapacha wake hawafanani urefu, mwingine kwa nini alitoka mvi akiwa bado kijana. Mengine niliyajua, mengine nikasema wazi siyajui. Jua lilipanda, na sijawahi kuwa na darasa lenye kelele na furaha namna ile.