Jaji Aliyekataa Nyongeza

Jaji niliyempikia alimshuku kila mtu, akianzia na mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mpishi ndiye anayekaa nguoni. Alikuwa Mwingereza wa Mahakama Kuu kule Kivukoni, hana mke, karamuni haendi, akihofu kwamba mwenye karamu kesho atakuwa na kesi. Kila nikirudi Kariakoo alikiinamia kikapu changu na kuuliza lilelile: leo umepewa nini? Alikuwa amesikia habari za nyongeza, na kwake nyongeza ilikuwa rushwa tu. Akaniamuru niikatae.

Sasa nani anakataa nyongeza Kariakoo? Ukinunua bamia, muuzaji anakutupia mbili tatu juu, ndipo mnaagana vizuri. Nilipoanza kuzirudisha, sokoni wakaanza kunitazama kama mchawi. Niliudhika, lakini kazi ni kazi.

Mama mmoja muuza nyanya alikuwa na mwanawe rumande, anashtakiwa kuua mtu, na kesi iko mbele ya bwana wangu. Shahidi wa kijana alikuwa mama huyohuyo: usiku wa mauaji mwanawe alilala nyumbani. Asubuhi moja alinipa nyanya zangu, akaongeza mbili, kama alivyomwongezea kila mteja. Moyoni nikajiuliza, huyu si anajua natoka kwa nani? Nikazirudisha. Alizipokea, akaziweka kando.

Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Jirani yake, muuza nazi, alinieleza bila kunitazama: mama kaenda kwa dada yake Magomeni, na mahakamani haendi tena. Jaji akikataa hata nyanya zako, basi moyoni keshamnyonga mwanao. Ushahidi wa nini tena?

Nilishikwa na woga. Jioni nikajaribu kumweleza bwana. Nilipotaja tu kesi aliinua mkono, akasema nikiongeza neno nitakuwa nimeharibu kesi na kazi yangu pamoja.

Basi nikaenda Magomeni. Nilimkuta mama barazani, sahani ya muhogo wa kuchemsha mbele yake. Baada ya shikamoo nikamwambia bwana wangu hali nyongeza ya mtu yeyote, si yake peke yake. Alinikagua kwanza, kisha akanisogezea sahani.

"Kama husemi uongo, kula."

Nikashuku mtego. Nikaiwazia kazi yangu. Nikala, tena nikamaliza.

Mama alikwenda kutoa ushahidi, na kijana akaachiwa. Kwa kuwa kesi ilikwisha, nilidhani sasa ruhusa kusema, nikamsimulia bwana yote, na muhogo wenyewe. Akaweka kijiko chini. Hakunifokea. Alisema tu hawezi kukaa nyumba moja na mtu aliyekula kwa shahidi wake. Nililia kwa hasira njia nzima hadi Msimbazi.

Nikaanza kuuza vitunguu, meza yangu kando ya yule mama. Haukupita muda akatokea mpishi mpya wa jaji. Mama akampa nyanya zake, akaongeza mbili, na yule mpishi akazirudisha harakaharaka. Mama akanigeukia, uso umemsawijika.

"Na zako za siku ile jaji alizikataa vilevile, mama," nikamwambia, "na mwanao yuko nyumbani."

Mama alizichukua zile mbili akaziweka juu ya vitunguu vyangu, nami sikuzirudisha.